Mtani Aliyefukuzwa Msibani

Uchovu wa Fikirini Sabiti haukuwa ule wa kulala ukaamka umekwisha. Alilala nao, akaamka nao, akapanda nao baiskeli asubuhi mpaka kazini, na huko kazini, ole wake, kulikuwa na Kibuyu na Masika.

Kibuyu na Masika walikuwa gorila wadogo, kaka na dada, waliozaliwa katika bustani ya wanyama iliyokuwa nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Bustani yenyewe usiidhanie kubwa. Kulikuwa na simba mzee asiye na meno ya maana, mbuni, chatu aliyelala mwaka mzima, nyani wengi kuliko haja, na familia hiyo ya gorila ambayo ndiyo iliyowavuta watu. Wazazi walikamatwa wakiwa wachanga mikononi mwa walanguzi kule Kigoma, wakitokea Kongo, wakapakiwa kwenye treni kuja huku, na tangu hapo hakuna aliyejua pa kuwapeleka. Wakakulia hapo hapo. Dume alipoota mvi mgongoni wakamwita Ntemi, kwa vile alivyokaa tu siku nzima akitazamwa, kama watemi wa zamani. Jike wakamwita Tausi. Nao wakazaa.

Wewe hujaona fujo mpaka uwaone watoto wa gorila wameshiba. Kibuyu, mwenye tumbo lililompa jina, alikuwa na mchezo wake mmoja asiouchoka. Anakuja polepole, anajifanya anakwangua ukuta, hana habari na mtu, halafu ghafla anamzaba dada yake kofi la mgongo, huyo, ametimka! Masika alikuwa mdogo wa kimo lakini si wa hila. Hakumfukuza moja kwa moja. Alizunguka nyuma ya baba yao, akamrukia kaka mtu kwa juu, wakaanguka wote, wakabingirika mpaka wakagonga ukuta, vinywa wazi, huku wakitoa mkoromo fulani wa kifuani, khe-khe-khe, ambao ukiambiwa si kicheko utabisha. Wakichoka mieleka, waligombea gogo la katikati ya uwanja. Aliye juu anajipiga kifua kwa viganja, aliye chini anamvuta mguu. Wakichoka gogo, walimwendea Ntemi, wakamvuta nywele za mkono, wakateleza mgongoni kwake, na Masika alikuwa na tabia ya kumpanua mdomo aone alichokula. Ntemi, mnyama wa kuweza kumvunja mtu uti wa mgongo kwa mkono mmoja, alifumbua jicho, akalifumba tena.

Na Fikirini ndiye aliyewatunza. Kila asubuhi aliwafungia vyumba vya ndani ili afagie uwanja, na kila asubuhi Masika alipitisha mkono kwenye nondo akaunyaka ufagio. Zamani alivutana naye mpaka machozi ya kicheko yakamtoka, na jioni akienda nyumbani alimwigizia mkewe na mwanawe, akijipiga kifua katikati ya ua hadi majirani wakachungulia. Sasa hivi Masika akiukamata ufagio, Fikirini alisimama tu, ameshika ncha ya upande wake, akingoja achoke. Hakuwa na nguvu za kuvutana na mtu wala mnyama.

Maana Nassibu alikuwa amekufa. Huyo ndiye aliyekuwa mwanawe wa pekee. Alikuwa kijana mwenye maneno mengi, mwenye redio kubwa aliyoibeba begani mji mzima mpaka bega likashuka kabisa, hata siku hana redio alitembea hivyo hivyo, upande. Akiingia nyumbani hakusalimia mtu kwanza. Alifunua chungu, akapiga kelele, "Mama! Njaa itaniua mtoto wa watu!" Miaka ile sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, na vijana wakasikia kwamba kule Geita dhahabu inaokotwa kama kunde. Nassibu akaenda na wenzake. Wakachimba duara, yaani lile shimo refu la kushuka kwa kamba, huko upande wa Runzewe. Mvua za masika zikaja, duara likafunga mdomo yeye akiwa chini.

Wenzake, Mungu awape heri, walimfukua wakamleta kwenye lori la pamba. Alizikwa siku hiyo hiyo. Lakini lililotokea pale msibani, kabla jeneza halijatoka, ndilo lililoifunga nyumba ya Fikirini mpaka leo tunayoisimulia.

Fikirini alikuwa Mzaramo. Babu yake alikuja na reli akashindwa kurudi. Na Mzaramo na Msukuma ni watani, hilo halina mjadala, tangu enzi za wapagazi waliobeba pembe za ndovu kwa miguu hadi pwani. Mtani wa Fikirini alikuwa Mabula, mkulima wa Lubaga, aliyeleta majani ya viazi na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, kwa mkokoteni wa ng'ombe kulisha wale gorila. Kila asubuhi walitukanana langoni. "Babu zenu walipoiona bahari walidhani mbuga imefurika, wakatafuta ng'ombe wakawanyweshe!" Fikirini alisema. "Na babu zenu walikuwa wamelala chini ya minazi, vinywa wazi, wanangoja nazi iwadondokee," Mabula alijibu. Na hapo ndipo siku ilipoanza.

Sasa mtani kazi yake kubwa ni msibani. Nyie mnaojua mnajua. Watu wakiwa wamezama kwenye kilio, mtani ndiye anayeruhusiwa kucheza. Atavaa nguo ya marehemu, ataiga mwendo wake, atalala mbele ya jeneza akatae lisipite, na wafiwa watacheka wakiwa wanalia, na hakuna wa kumkasirikia. Mtani hakasirikiwi. Mabula alikuja amevaa shati la Nassibu, ameweka kuni begani mahali pa redio, akatembea katikati ya waombolezaji, upande upande, akapaza sauti, "Jamani, mbona mmekaa kama mmefiwa? Njaa itaniua mtoto wa watu!"

Wanawake wakashika midomo. Mmoja akaangua kicheko, mwingine naye. Na Fikirini akanyanyuka. Akamkwida Mabula shati, akampokonya ile kuni akaitupa huko, akamsukuma hadi nje ya ua. "Toka! Toka kwangu! Mtoto wangu si wa kuchezewa!"

Hata waliokuwa wakilia walinyamaza. Mabula alilivua lile shati, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya jiwe la mlangoni, akaenda zake kifua wazi.

Msiba wa kujitakia hauna kilio. Khitma ilisomwa, arobaini ikasomwa, watu wakala wali wakatawanyika, lakini mkeka wa msiba haukuanuliwa. Zuwena, mama yake Nassibu, alibaki juu yake. Si kwamba aliugua ugonjwa wa kutajika. Alikaa tu, uso umeelekea ukutani, lile shati amelifanya mto. Alijibu akiulizwa, kwa neno moja au nusu yake. Hakupika, hakutoka, hakwenda kwenye shughuli za wenzake, na jina la mwanawe halikumtoka mdomoni hata mara moja. Majirani waliendelea kumwita Mama Nassibu, wangemwitaje? Na kila alipoitwa hivyo alizidi kuugeukia ukuta. Alikonda hadi bangili zikawa zinamtoka mkononi zenyewe.

"Matanga hayajavunjwa hapa," Mwahija, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimwambia Fikirini bila kupepesa macho. "Ulimfukuza mtani. Na nikwambie jingine, maana wewe hukuona, ulikuwa na hasira zako. Mabula alipoingia siku ile, mkeo alinyanyua kichwa. Alitaka kucheka yule. Ukamkatiza."

Fikirini alimwambia ashike adabu yake. Lakini neno lilishamwingia. Alichokiogopa kilikuwa kimoja tu, na alikiogopa mchana kutwa. Aliogopa kwamba Zuwena angekwisha hivyo hivyo, kidogo kidogo, pale pale juu ya mkeka, huku yeye akisonga ugali wa kuliwa na mtu mmoja. Na asingejua hata siku gani hasa amemkosa.

Na Mabula je? Mabula aliendelea kuleta majani ya viazi. Ila sasa walisalimiana kwa heshima. "Habari za asubuhi, Bwana Fikirini." "Njema, Bwana Mabula, sijui za kwako." "Tunamshukuru Mungu." Mtu na mtani wake! Afadhali angemtemea mate.

Basi mambo yalikuwa hivyo, mwaka unakaribia kuzunguka, ndipo Tausi akazaa tena. Kitoto kilikuwa kidogo, chekundu usoni, kikashikwa na mafua, hakikuweza. Kilipokufa Tausi hakukiweka chini. Alikibeba kwapani, akakilamba, akakiweka begani kikaanguka, akakiokota. Mwishowe Bwana Onesmo, msimamizi wa bustani, akasema hapana, harufu imeanza, kiondolewe. Wakamvizia amesinzia wakakiondoa.

Tangu hapo Tausi alikaa pembeni mwa uwanja, mgongo nje, uso ukutani. Viazi vililetwa, havikuguswa. Mapera, ambayo zamani aliyagombea na Ntemi mwenyewe, yaliota nzi. Fikirini alisimama akiutazama ule mgongo, ndoo mkononi. Alikuwa ametoka kuuacha mgongo kama huo nyumbani.

"Ya Rabi," alisema kwa sauti. "Huku nako?"

Kibuyu na Masika, kwa siku za mwanzo, walinyamaza. Walikaa karibu na baba yao, wakachokonoa chokonoa nyasi. Lakini mtoto ni mtoto. Haikupita muda Kibuyu akaanza tena kuja polepole, kujifanya anakwangua ukuta, na safari hii aliyezabwa kofi la mgongo ni Tausi. Tausi hakugeuka. Kibuyu akarudia. Masika akachukua gunia tupu la michembe, akalivaa kichwani, akawa anatembea kama kipofu akimgonga mama yake makusudi, anaanguka, anainuka, anamgonga tena.

Hapo Fikirini alipandwa na hasira ambazo hakujua bado anazo. "Nyie hamna adabu? Mama yenu kafiwa! Mnamchezea nini?" Akawavutia ndani kwa mapera, akaliteremsha lango la chuma, akalitia komeo. Akapangusa mikono. Sasa Tausi atapumzika, alijisemea, angalau huyu mmoja nimemsaidia.

Haya, niambie, mtu wa namna gani anafanya kosa lile lile mara ya pili, na la pili anajipongeza? Ndiye Fikirini. Lakini tusimcheke sana. Uchovu humfanya mtu atake kimya, na akishapata kimya anadhani ni amani.

Tausi hakupumzika. Alizidi. Akaacha hata maji. Ndani, wale wawili walilia, kilio cha kuvuta, hawakucheza wao kwa wao wala hawakula vizuri, na Ntemi akawa anazunguka uwanja akigonga lango kwa bega. Bwana Onesmo alikuja akatazama, akavua kofia akajikuna. "Mzee Fikirini, tukimpoteza huyu jike, na dume hatakaa. Kuna dawa gani?"

"Sijui, bwana mkubwa," Fikirini alisema, na ilikuwa kweli. Hakuijua dawa ya huyu wala ya yule wa nyumbani.

Asubuhi moja alikuja kazini hajalala. Zuwena alikuwa amekataa uji, na alipombembeleza alisema neno moja tu, "Niache." Fikirini alifagia uwanja huku macho yanafumba yenyewe. Ntemi na Tausi walikuwa upande wa pili, nyuma ya uzio uliogawa uwanja. Akamaliza, akaliinua lango la watoto kidogo awapitishie karai la maji, akaliteremsha, akatoka nje ya nondo, akawafungulia wakubwa warudi. Tausi alijikokota mpaka pembeni pake pale pale, mgongo nje. Fikirini akaenda kuketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Komeo la lango la watoto alilisahau.

Alishtuliwa na mlio wa chuma. Kibuyu alikuwa ameingiza vidole chini ya lango, akaliinua, Masika akapenya, naye kaka mtu akafuata. Hao, uwanjani! Fikirini alisimama, akazishika nondo.

Hawakumwendea mama yao mbio. Masika alilivuta nje lile karai lao la maji, maji yakamwagika, akajifunika kichwani. Akaanza kutembea, pwa, pwa, juu ya saruji yenye maji, akiyumba, akizunguka mahali pamoja kama pia, mpaka kizunguzungu kikampata akaanguka mgongoni mwa Tausi na karai lake, kwaa! Tausi akaguna. Kibuyu akaja kwa upande mwingine, kofi, akatimka. Tausi akageuka akatoa mkoromo mbaya, akarusha mkono, na mkono ule ungempata Kibuyu angeruka hadi ukutani. Fikirini akasema, amewaua, na mimi ndiye niliyesahau komeo.

Lakini Kibuyu alirudi. Kofi, akatimka. Na Masika, karai bado kichwani, alikuwa anatambaa kuelekea kwenye rundo la mapera. Alichukua moja, akaenda kulishikilia puani mwa mama yake, mama alipotazama tu, akalivuta akakimbia nalo. Akarudi akalishikilia tena. Akakimbia tena. Safari nyingine mkono wa Tausi ulitoka, polepole, ukamkamata Masika mguu. Akamvuta. Masika akaburuzwa kwenye saruji, karai likibingirika huko, kinywa wazi, khe-khe-khe. Tausi akamgeuza chali, akaweka kinywa tumboni mwake kama anayetaka kumng'ata, na kutoka kwenye kifua cha yule mama, kifua kilichokuwa kimya muda wote ule, ukatoka mkoromo ule ule. Mzito zaidi, wa kukwaruza, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Kibuyu akajirusha juu yao wote wawili. Na Tausi, mikono ikiwa imejaa watoto, akalitwaa lile pera mkononi mwa Masika akalitia kinywani.

Fikirini alirudi kuketi kwenye ndoo yake. Akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima na mvi zake, wala hakujificha, na Ntemi akamtazama kutoka upande wa pili wa nondo. "Nilimkatiza," alikuwa anasema. "Alikuwa anataka kucheka, mimi nikamkatiza."

Jioni ile ile alimkamata jogoo wake, akamfunga miguu, akamning'iniza kwenye usukani wa baiskeli, akaelekea Lubaga. Mtani uliyemkosea huendi kwake mikono mitupu. Njiani jogoo alimdonoa vidole, naye hakuwa hata na nguvu ya kumtukana.

Mabula alikuwa anafungua ng'ombe kwenye mkokoteni. Alimwona, akaweka uso wa adabu. "Karibu, Bwana Fikirini. Habari za mjini?"

"Mabula," Fikirini alisema, "mimi nilikosa. Nilikosa siku ile na kila siku baada ya siku ile. Nimekuja."

Mabula alimtazama. Kisha akamtazama jogoo, akamshika kifua kwa vidole, akambonyeza hapa na pale. "Huyu kuku," alisema taratibu, "mbona kakonda hivi? Nani kamlea? Mzaramo?"

Jamani, tusi lina utamu wake. Fikirini alihisi kitu kifuani kinalegea ambacho kilikuwa kimekazwa tangu masika ya mwaka uliopita. "Ulitaka wa Kisukuma," alijibu, "aliyekula michembe mpaka hawezi kupanda kichuguu?"

Mabula akacheka, akamvuta kwenye kigoda. Wakaketi. Kucheka kulipokwisha, Fikirini akasema, "Mama Nassibu hajaanua mkeka."

"Nasikia."

"Anakwisha, Mabula. Njoo uimalize ile kazi."

Mabula akawa anamfungua jogoo miguu. "Nikwambie," alisema mwishowe. "Watu walidhani nilikasirika kwa kusukumwa. Yaya, sivyo. Mimi yule mtoto nilimpakia mkokotenini toka hajui kutembea. Unadhani siku ile nilikuwa nacheza? Nililia njia nzima kuja kwako, nikapangusa uso mlangoni, ndipo nikaingia. Ile ndiyo ilikuwa namna yangu ya kumzika, ukaninyima."

Fikirini aliinamisha kichwa.

"Nitakuja," Mabula alisema. "Ila usinizuie. Anipige, anitukane, azimie, wewe kaa mbali. Ukinigusa tena, mimi na wewe basi."

"Sikugusi."

"Na huyu kuku namla mwenyewe."

Alikuja Jumamosi alasiri, ua umejaa mwanga na Mwahija anaanika mtama upande wa pili. Fikirini alikuwa amewasha jiko la mkaa mlangoni, chungu cha maharage juu yake. Zuwena alikuwa mahali pake, ndani, mlango umeachwa wazi ili apate hewa, uso ukutani.

Mabula hakupiga hodi. Aliingia na pande la gogo begani, bega limeshuka, anatembea upande upande, anatimua vumbi kwa visigino, anaimba kwa pua wimbo usioeleweka. Alipita mbele ya Fikirini kama hamwoni. Akafika jikoni, akafunua chungu, akachungulia, akapaza sauti hadi kuku wakaruka. "Mama! Njaa itaniua mtoto wa watu!"

Mwahija aliuacha ungo ukaanguka, mtama ukamwagika. Fikirini alishika nguzo ya mlango kwa mikono yote miwili, maana mikono yenyewe haikuwa ya kuaminika. Ndipo mkeka ukalia, ule mlio wa ukindu mtu anapoinuka.

Zuwena alitokea mlangoni. Mwembamba, nywele zimesimama, macho hayajazoea jua. Alimtazama Mabula. Akainama, akaokota mwiko uliokuwa juu ya beseni, akamtwanga nao mgongoni.

"Mama, nimekosa nini?" Mabula alilia kwa sauti ile ile ya Nassibu, akikimbia kuzunguka jiko, kifuniko cha chungu amekifanya ngao. Zuwena akamfuata. Alimpiga mabega, alimpiga kifuniko, alimpiga vidole vilivyoshika kifuniko, naye alipumua kwa shida huku machozi yanammwagika mpaka shingoni. Si kipigo cha mchezo, mtu yeyote aliona. Watu walijaa uani. Fikirini aliona damu kidogo kwenye vidole vya Mabula, na kila mshipa wa mwili wake ukamwambia nenda, wazuie, atakufa mkeo, atakufa mtani wako. Akaikumbatia nguzo. Akakumbuka mkono wa Tausi uliorushwa kwa ukali kwanza, kabla ya ule wa pili. Akakaa mbali.

Mwiko ukavunjika. Zuwena akabaki na kipande mkononi, kifua kinapanda na kushuka. Mabula naye akasimama, anahema, gogo bado liko begani, bega bado limeshuka. Hapo hata yeye aliishiwa na mchezo.

Zuwena alimkagua toka juu mpaka chini, kama mama anayemkagua mtoto anayekwenda shule.

"Sivyo," alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka, watu wakasogea wasikie. "Hata siku ile ulikosea. Nimekaa mwaka mzima nasema moyoni, huyu mjinga amekosea na hakuna wa kumwambia. Nassibu alikuwa anashusha bega la kushoto."

Mabula alilitazama bega lake la kulia.

"La kushoto," Zuwena alisema tena, na mdomo ukaanza kumcheza kwa namna ambayo Fikirini alikuwa ameisahau. "Rudi mlangoni. Uingie upya."

Mabula alilihamisha gogo, akatoka nje ya ua. Zuwena akaingia ndani. Wakamsikia akiukunja mkeka, kisha akatoka nao kwapani, akausimamisha ukutani, akaketi kwenye kigoda kando ya jiko kumngoja.